Nishani Niliyoisugua kwa Ukwaju

Namhimidi Mola aliyeumba moto akaupa mipaka, akaumba maji akayapa njia ya kuufikia. Aliyeuamuru moto upoe kwa ajili ya rafiki yake, ukapoa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba wake. Mola huyo ndiye aliyenifikisha umri huu nikiwa na meno machache na kumbukumbu nyingi, akanileta katika mji wa baridi nisioutarajia, na hata huku hakuniacha bila mtu wa kunifundisha. Baada ya kumshukuru, nasimulia.

Kwetu Mombasa nilikuwa mwalimu wa madrasa kwa zaidi ya miaka thelathini. Binti yetu ni muuguzi huku Minneapolis, naye ndiye aliyetuita mimi na mama yake tuje tukae karibu naye. Tukapata nyumba ya vyumba viwili katika kitongoji cha Columbia Heights, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka kituo cha basi. Mwaka wa kwanza wote nilikaa dirishani. Nilisali, nilisoma, nilihesabu magari, nilimchosha mke wangu. Siku moja akaniambia, "Maalim, ama utafute kazi, ama mimi nitafute nyumba nyingine." Alikuwa akicheka, lakini si sana.

Ndipo nikapata kazi ya kukaa na mzee mmoja katika kitongoji cha Crystal, mchana tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Alikuwa amepita miaka tisini. Ujana wake wote aliutumia katika zimamoto ya Saint Paul, na sasa macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa. Nilimpashia supu, nilimshika mkono akienda chooni, nilimkumbusha dawa, nilimsomea gazeti kwa Kiingereza changu cha darasani, naye akinisahihisha bila kunicheka. Mwanawe wa kike aliishi Savage, mbali kidogo, ng'ambo ya mto, akija kumtazama kila Jumatatu na mwisho wa wiki.

Siku ya kwanza aliniuliza jina, nikamwambia. Akajaribu mara tatu, akashindwa.

"Kwenu ulikuwa ukifanya kazi gani?"

"Nilikuwa nikifundisha watoto dini."

"Na mtu wa kazi hiyo mnamwitaje?"

"Mwalimu."

"Hilo naliweza," akasema. Toka siku hiyo nikawa Mwalimu. Mimi nikamwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu hilo ni jina la heshima. Akatikisa kichwa. "Huku ukimwita mtu mzee anakufukuza nyumbani kwake. Bahati yako sijui mlango uko wapi."

Adhuhuri ilipofika nilitandika msala wangu kando ya kabati lake la vitabu. Yeye alikuwa mtu wa kanisa, na redio yake haikunyamaza kutwa. Lakini alijifunza sauti ya msala ukikunjuliwa, na kila alipoisikia alinyoosha mkono akaizima redio. Nikimaliza aliniuliza, "Umenitaja?" Nikamjibu, "Nimekutaja." Akaiwasha tena.

Katika kiganja chake cha kushoto daima kulikuwa na kipande cha shaba. Kilikuwa duara, ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa ya kwetu, kizito, cheusi kama kilichotoka jikoni kwenye kuni. "Wewe una shanga zako za kumtajia Mungu," aliniambia, "nami nina hii." Kwa kidole gumba alikuwa akikipapasa polepole, na siku moja akanishika mkono akanifundisha nami kukisoma. "Huu mnara wa kushoto. Huu wa kati, ndio mrefu. Huu wa kulia, mfupi, ncha yake imelika. Hapa chini ni mto. Umeuona?" Nilikuwa nimefumba macho ili niwe sawa naye. Nikamwambia nimeuona.

Ilikuwa nishani. Babu wa baba yake alikuwa mwoka mikate katika mji mdogo wa Ulaya, mji uliokuwa chini ya mlima, na juu ya mlima palikuwa na kasri. Zimamoto wa mji huo walikuwa watu wa kawaida tu, mwoka mikate, fundi viatu, muuza nyama, ambao kengele ikilia waliacha kazi zao wakakimbia na ndoo. Kasri lilikuwa la bwana mkubwa. Wao hawakuwahi kuingia ndani yake ila kwa mlango wa jikoni. Siku liliposhika moto walijipanga kutoka mtoni mpaka juu mlimani, ndoo zikapita mkono kwa mkono tangu asubuhi mpaka jua likakaribia kuzama, na minara mitatu ikasalimika. Baadaye bwana mkubwa akaagiza nishani zitengenezwe, moja kwa kila mtu aliyekuwa katika safu ile.

Nilimwuliza, "Mzee, lakini kwa nini wajitie hatarini kwa nyumba ya mtu ambaye hata hakuwakaribisha?"

"Inaungua, Mwalimu. Ulitaka wamuulize kwanza?"

Mtoto wa yule mwoka mikate ndiye aliyehamia Minnesota na nishani mfukoni, akaingia zimamoto. Mwanawe naye akaingia. Kisha huyu Mzee wangu. Mwanawe wa kike hakutaka kazi hiyo, akawa mhasibu, na kwa miaka mingi Mzee alidhani shaba ile itakuja kulala kwenye droo. Lakini mjukuu wake, binti wa huyo mhasibu, alikuwa akimaliza mafunzo ya zimamoto huko huko Saint Paul. Jumamosi ya wiki ninayoisimulia angevalishwa sare rasmi, na baada ya sherehe angekuja Crystal moja kwa moja ili babu yake amkabidhi nishani kwa mkono wake mwenyewe. Mzee hakuwa na nguvu ya kwenda sherehe. Aliihesabu Jumamosi ile kama watoto wanavyoihesabu Idi.

Sasa naja kwenye kosa langu.

Kwetu harusi au Idi ikikaribia, vyombo vyote vya shaba hushushwa kutoka kwenye makabati. Sinia, buli, chetezo, mrashi, vyote hupangwa uani juu ya jamvi, na watu wa nyumba huketi kuvisugua kwa ukwaju na majivu mpaka mtu ajione uso. Kumkabidhi mtu shaba nyeusi siku ya furaha ni aibu. Ni kama kumpa kanzu bila kuifua. Mimi nimelelewa hivyo. Kila nilipoitazama nishani ile, nikakumbuka kwamba Jumamosi itatoka mkononi mwa babu kwenda kwa mjukuu wake, ambaye siku hiyo ni kama bibi harusi, moyo wangu ulisema: itatolewaje hivi?

Jumatatu nilitoka nyumbani na ukwaju uliorowekwa ndani ya chupa ya jamu, na kipande cha kikoi changu cha zamani. Majivu hayapatikani katika nyumba za huku, kwa hiyo nilitumia chumvi ya jikoni. Mzee alipolala baada ya chakula cha mchana, kiganja chake kilifunguka chenyewe na nishani ikateleza juu ya blanketi. Nikaichukua. Sikumwuliza, nataka msomaji ajue hilo kabla sijaendelea.

Nilisugua kwa nusu saa juu ya sinki. Nilisugua pande zote mbili, na kwenye vijishimo vya madirisha ya minara nikatumia ncha ya kijiti. Maji yalitoka meusi, meusi kabisa, nami nikafurahi kuona uchafu ulivyokuwa mwingi. Shaba ikang'aa kama jua la saa tatu asubuhi. Mto ukaonekana, na mawimbi yake. Upande wa nyuma yakatokea maandishi ya lugha ambayo katika familia ile hakuna aliyeijua tena. Nikaifuta, nikamrudishia mkononi taratibu, nikakaa kitini kusubiri aamke, nikiwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi.

Aliamka. Kidole gumba kikaanza safari yake ya kila siku, kikasimama. Kikaanza tena, kikasimama. Akaipeleka nishani puani.

"Mwalimu."

"Naam, Mzee."

"Hii nini?"

"Nishani yako."

"Si yangu. Hii inanuka chakula." Sauti yake ilipanda. "Ni laini. Iko wapi yangu? Nani ameingia humu?"

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, na mlango ukafunguka, mwanawe akaingia na mifuko ya vitu vya dukani. Mzee akamlilia, "Kuna mtu amenibadilishia nishani!" Mama yule akaichukua, akaisogeza dirishani, akaitazama. Kisha akanitazama mimi, akatazama na chupa ya ukwaju pale kando ya sinki. Akaelewa yote.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akamrudishia nishani mkononi, akamwambia kwa upole, "Baba, ni ile ile. Ni vidole vyako tu vimechoka."

"Vidole?"

"Ndiyo, baba. Hata juzi ulilalamika hujaletewa chai, na kikombe kilikuwa mkononi mwako."

Mzee aliipapasa mara moja zaidi. Aliiweka nishani juu ya meza, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuona kiganja chake cha kushoto kikiwa kitupu. Akasugua kidole gumba juu ya kidole cha shahada, polepole, kama mtu anayepima kitambaa dukani na hakiamini.

Jikoni mwanawe alininong'oneza, "Usijali, Mwalimu. Ulikusudia mema. Kesho atakuwa amesahau. Afadhali afikiri amekosea kuliko ajue imeharibiwa." Nikaitikia kwa kichwa. Nikavaa koti langu, nikapanda basi.

Mke wangu aliniona usoni kabla sijavua viatu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Ulimuuliza?"

"Alikuwa amelala."

"Ala! Mtu akilala ndiyo ruhusa?"

"Nilitaka kumfurahisha."

"Na amefurahi?"

Nikainama kuvua viatu. Alikuwa akikata vitunguu. Akaweka kisu chini. "Na sasa mnamwacha adhani akili yake imekwenda. Maalim, huyo mzee macho hana. Vidole navyo mmemnyang'anya. Mmembakishia nini?"

Nikamwambia kitambaa nilichosugulia kimo ndani ya mkoba, akitupe, sitaki kukiona. Nikaingia chumbani. Miaka thelathini niliwafundisha watoto mlango wa amana, nikiwaambia kwamba kitu cha mtu hurudishwa kama ulivyokipokea, si kama unavyoona wewe kingependeza. Watoto wale wangekuwepo wangenisomesha.

Jumanne nilipofika nilimkuta Mzee amekaa na mikono yote miwili mapajani. Redio ilikuwa imezimwa. Nishani ilikuwa pale pale mezani ilipoachwa. Nilivuta kiti nikakaa karibu, magoti yangu yakakaribia yake.

"Mzee, vidole vyako havikukosea."

Akavikunja vidole mapajani.

"Nishani ni yako, lakini mimi nimeibadilisha. Jana ulipolala niliichukua bila ruhusa yako nikaisugua. Kwetu hivyo ndivyo tunavyofanya siku ya furaha ikikaribia. Nilidhani ni uchafu. Kisha nikanyamaza ulipouliza, na kunyamaza kwangu ndiko kubaya zaidi. Naomba unisamehe."

Akaigusa nishani pale mezani kwa ncha ya kidole. "Uliisugua yote?"

"Yote. Pande zote mbili."

"Na kwenye madirisha?"

"Nilitumia kijiti."

Akafumba macho yake yasiyoona. "Nenda kapashe supu," akasema.

Siku mbili hakuniita Mwalimu. Aliniambia "leta maji," "fungua pazia," kama mtu anayesema na ukuta. Nilikubali, nilistahili zaidi ya hapo. Lakini Jumanne hiyo hiyo, adhuhuri, nilipokunjua msala nilisikia kitu kikifanya taki nyuma yangu. Alikuwa ameiwasha redio kwa hasira baada ya kunisikia asubuhi, na sasa ameizima. Jumatano vilevile. Hakuniuliza kama nimemtaja. Nilimtaja, na katika sijida ya mwisho nilichelewa kuinuka.

Alhamisi, nikimkata kucha, akaanza kusema bila kugeuza uso.

"Kulikuwa na fundi viatu. Rafiki wa yule mwoka mikate. Siku ya kasri walikuwa pamoja juu kwenye ngazi ya mnara, ngazi ikaanguka naye. Nishani zilipokuja, zilikuja za walio hai tu. Yule mwoka mikate akapewa yake ndani ya kisanduku, inang'aa. Akaona haya. Akaipeleka mlimani, pale ngazi ilipoungua, akaipaka masizi ya pale kwa kidole chake. Akaapa haitang'aa tena."

Nikaacha kukata.

"Mwanawe alipotoka kwenye moto wake wa kwanza huku, akaipaka kabla ya kunawa. Baba yangu naye. Nami nilifanya hivyo kila mara, Mwalimu. Kila moto. Nyumba, maghala, ile hoteli ya zamani kando ya mto, nyumba ya yule mtoto ambaye..." Akaukunja mkono niliokuwa nimeushika. "Sikukwambia. Hatukuwa tukiambiana. Baba yangu hakuniambia, nilimwona tu akifanya."

Masikio yangu yalilisikia lile jina. Alikuwa ameniita Mwalimu. Lakini nilikumbuka maji yale meusi yakizunguka kwenye sinki, nami nikifurahi. Watu wanne, maisha yao yote ya moto, nimeyamwaga kwa nusu saa.

"Ulisugulia nini?" akauliza.

"Ukwaju. Tunda la kwetu, chachu. Na chumvi, na kipande cha kikoi changu."

"Hicho kitambaa kikoje?"

"Kimekuwa cheusi."

Akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Kiko wapi?"

Nikakusanya vipande vya kucha. Nikamwambia nitamjibu kesho.

Sijui nilivyofika Columbia Heights. Niliingia na koti na viatu vya theluji mpaka jikoni. "Mama watoto, kile kitambaa!"

"Kitambaa gani?"

"Cha Jumatatu. Cha ukwaju. Ulikitupa?"

"Si uliniambia nikitupe?"

"Nakuuliza, ulikitupa?"

Akanitazama kama anavyomtazama mtu anayeweka sukari kwenye biriani. "Maalim, tangu lini mimi nikatupa kitambaa cha shaba?"

Nikashika ukingo wa meza.

"Na hukukifua?"

"Kitambaa cha shaba hufuliwa? Wewe umelelewa nyumba gani? Mama yangu alikuwa na kimoja tangu harusi yake mpaka anakufa. Weusi wake ndio unaosugulia tena." Akapanda kigoda, akashusha kopo la biskuti anamowekea sindano na nyuzi, akakitoa. Kilikuwa kigumu kwa ukwaju uliokauka, cheusi tii katikati, mistari ya kikoi ikionekana pembeni tu. "Nilikificha usije ukakitupa mwenyewe," akasema. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa nakwenda nawe. Lazima mtu mwenye akili awepo."

Ijumaa hiyo haikuwa siku yangu ya kazi. Tulitoka msikitini tukapanda mabasi mawili mpaka Crystal, mke wangu na buibui lake juu ya koti, na mapajani bakuli la mahamri lililofungwa kwa taulo yasipoe. Mwanawe Mzee ndiye aliyetufungulia. Alikuwa amekuja kuiandaa nyumba kwa ajili ya kesho. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikwisha jua kwamba nimemwambia baba yake ukweli.

Mke wangu alisimama mbele ya kiti cha Mzee akasema kwa Kiswahili, sauti kubwa kama vile macho na masikio ni kitu kimoja, "Mwambie kwamba mume wangu amekosa adabu, nami namwombea radhi."

Nikatafsiri.

"Mwambie," Mzee akajibu, "aniambie ameishi nawe vipi miaka yote hiyo."

Nikatafsiri. Mke wangu akasema, "Kwa kuficha vitu," akanipa kitambaa.

Nilikiweka kwenye kiganja cha kushoto cha Mzee. Hakukipapasa kwanza, alikipeleka puani. Alivuta pumzi, akakunja uso kwa uchachu wa ukwaju, akavuta tena. Kisha uso wake ukabadilika. Siwezi kusema alinusa nini. Kwangu kilikuwa kikinuka jikoni kwetu tu. Lakini yeye alikaa vile, kitambaa kimemfunika nusu ya uso, mabega yakitikisika, na hakuna kati yetu watatu aliyethubutu kusogea.

"Nipeni hiyo shaba," akasema hatimaye.

Akaizungushia kitambaa, akaanza kuisugua kwa kidole gumba. Mke wangu akauliza kama amlowanishie kidogo, nikatafsiri, akakubali. Akasugua. Mwanawe akatuwekea chai, mahamri yakaliwa, jua likahama kutoka kochi mpaka kwenye zulia, naye anasugua tu. Weusi mwingi haukurudi. Umekwenda na maji, na hilo nitalibeba. Lakini kidogo kilishika kwenye vijishimo na kwenye miguu ya minara. Akaifunua, akaipapasa, na kidole kikaanza safari. Hakikusimama.

"Wa kushoto," akasema. "Wa kati." Akatabasamu. "Na huu wa kulia, ncha imelika. Ni yangu."

Mwanawe akapiga magoti pale pale alipopiga Jumatatu. "Baba, nisamehe. Nilikwambia vidole vimechoka."

"Mimi chai naisahau," Mzee akamwambia, akimshika kichwa. "Chai haina minara."

Jumamosi tulialikwa, mimi na mke wangu. Mjukuu alikuja na sare yake mpya, vifungo vinang'aa, mwili mkubwa wenye nguvu na uso wa mtoto. Hapakuwa na hotuba. Babu alimwita akae kwenye kigoda, akamweleza habari ya fundi viatu na masizi, yote, waziwazi, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwahi kusemwa kwa mdomo. Nadhani kosa langu ndilo lililomfundisha kwamba kitu kikikaa kimya sana, mwenye nia njema anaweza kuja akakifuta. Kisha akampa nishani ikiwa ndani ya kikoi.

"Na kitambaa pia?" binti akauliza.

"Kitambaa zaidi. Na usikifue." Akaelekeza kidevu upande aliodhani mke wangu yupo. "Yule mama atakugombeza."

Majira ya baridi yalipoanza kulegea, alasiri moja nikiwa namsomea Mzee gazeti, gari lilisimama nje. Mjukuu aliingia bila kuvua koti. Siku hizi wanafundishwa kunawa vizuri mara moja baada ya moto, kwa kuwa masizi yana madhara, na uso na mkono wake wa kushoto vilikuwa safi, vina harufu ya sabuni. Lakini mkono wa kulia alikuwa amevaa glavu. Akaivua. Kidole gumba kimoja tu hakikuwa kimeoshwa.

Akatoa nishani kifuani, akaikunjua kutoka kwenye kikoi, akakibonyeza kidole chake kwenye mguu wa mnara wa kati, akazungusha mara moja. Kisha akaisogeza puani kwa babu yake.

Mzee alinusa kwa makini, kama mtu anayeonja chumvi.

"Nyumba ya mbao," akasema. "Ya zamani. Na plastiki. Siku hizi kuna plastiki nyingi." Akanusa tena. "Watu walitoka?"

"Wote walitoka, babu. Na paka."

"Al-hamdu lillahi," nikasema, kabla sijajua nimesema.

"Ndivyo hivyo," Mzee akasema. Sala ya alasiri ilikuwa imeingia. Nikauendea msala wangu, nao walinyamaza wote wawili, na nyuma yangu nikasikia redio ikizimwa.

Wewe uliyeyasoma haya, Mola akuhifadhi na moto wa dunia na wa akhera. Akupe mtu wa kukuambia ukweli macho yako yatakapochoka, na akupe wewe ulimi wa kumwambia mwenzio. Aibariki nyumba yako na kila mkono uliobeba ndoo kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine, uwe unaujua au huujui. Amin.